Nani Kasema Mtoto Asiogeshwe?

Mkufunzi aliirudisha kazi ile ikiwa na duara moja tu jekundu, lakini duara lenyewe lilikuwa kubwa kama sahani. Ndani yake kulikuwa na sentensi ambayo Shangazi aliiandika kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote: "Mtoto akiogeshwa mara tu baada ya kuzaliwa hupata baridi na hukataa ziwa." Pembeni, kwa herufi za haraka, mkufunzi alikuwa ameongeza maneno mawili. "Nani kasema?"

Shangazi aliyasoma mara tatu, masikio yakimwaka moto.

"Nimesema mimi," alimwambia msichana aliyekaa naye dawati moja. "Kwani hapo juu hakuna jina langu?"

Msichana alicheka mpaka akajiziba mdomo kwa daftari. Darasa zima la ukunga lilimwita Shangazi, maana yeye alikuwa na miaka arobaini na minne na wenzake wote hawajafika ishirini na tano. Waliazima kalamu zake, wakala karanga zake, wakamletea kesi zao za wachumba. Lakini siku hiyo hakuwa na hamu ya kesi ya mtu. Kipindi kilipokwisha alimfuata mkufunzi mlangoni.

"Sikukatalii, Shangazi," mkufunzi alisema, huku akikusanya chaki zake. "Huenda uko sawa kabisa. Ila mkunga akibishana na daktari hawezi kumwambia 'nimesema mimi'. Nenda maktaba, tafuta waliochunguza jambo hilo, kisha uniletee. Nakupa wiki mbili."

Ilimuuma kwa sababu jambo hilo hakulisoma popote, aliliona. Kabla ya kuingia chuoni alikuwa mhudumu wa wodi ya wazazi kwa miaka kumi na tisa, katika hospitali iliyo upande wa pili wa uzio wa chuo. Kazi yake ilikuwa kupiga deki, kubadilisha mashuka na kuchemsha maji. Kila alfajiri aliingia wodini na ndoo mbili za maji ya moto, na watoto wote waliozaliwa usiku wakaogeshwa kwa mpigo, mmoja baada ya mwingine, kabla zamu ya asubuhi haijaingia. Ndoo hizo ndizo zilizompa jina la Mama Ndoo. Aliona jinsi midomo ya watoto ilivyobadilika rangi, miguu ikawa baridi kama vijiko, kilio kikawa chembamba, kisha mtoto akalala fofofo na ziwa asilitake. Mara moja alithubutu kumwambia muuguzi, "Sista, hawa watoto mbona wanapoa?" Akajibiwa, "Wewe maliza sakafu." Akamaliza sakafu.

Sasa alikuwa na sare ya mwanafunzi mkunga, aliyoipata baada ya miaka minne ya masomo ya jioni, na bado anaulizwa nani kasema.

Maktaba ya chuo ilikuwa zamani stoo ya mashuka ya hospitali. Mpaka leo ukiingia unasikia harufu ya sabuni ya kufulia chini ya ile ya karatasi. Kulikuwa na rafu sita za vitabu, meza ndefu mbili, na kompyuta tisa zilizopangwa ukutani, tatu kati yake zimefunikwa kwa kitambaa kama marehemu. Mkutubi alikuwa mwanamume mpole mwenye sweta ya kijani, aliyezungumza kwa sauti ya chini hata akiwa nje barabarani. Shangazi alimkwepa tangu siku ya kwanza, si kwa ubaya, bali kwa sababu yeye na kompyuta walikuwa hawajajuana.

Alianza na vitabu. Alipekua mpaka akapata kitabu kinene cha ukunga chenye gamba lililobandikwa gundi mara mbili, akafungua sura ya mtoto mchanga, akasoma taratibu kwa kidole. Kisha akakifunga.

"Vipi, dada, hakina?" mkutubi akauliza.

"Kina, kaka. Tatizo ni kwamba kinasema kinyume. Kinasema mtoto aogeshwe haraka iwezekanavyo." Alikuwa karibu kulia. "Kumbe miaka yote hiyo mimi ndiye niliyekuwa mjinga."

Mkutubi alikichukua kitabu, akafunua ukurasa wa pili, akaweka kidole chini ya mwaka kilipochapwa. Shangazi alihesabu kichwani. Mwaka huo yeye alikuwa darasa la tano.

"Waliokiandika walisema walichokijua siku hiyo," mkutubi alisema. "Hebu tuone watu wamejua nini tangu hapo. Njoo ukae."

"Kwenye hiyo?"

"Haing'ati."

Alikaa mbele ya kompyuta kama mtu anayekalia kiti cha daktari wa meno. Mkutubi akamwambia aandike swali lake mwenyewe. Kwa kidole kimoja, herufi moja baada ya nyingine, akaandika: kuogesha mtoto. Kilichokuja kilikuwa matangazo ya sabuni, mabeseni ya rangi ya waridi, na picha ya mtoto mnene anayecheka amevaa povu kichwani.

"Huyu ana miezi minane," Shangazi alisema kwa dharau ya kitaalamu. "Huyu si mchanga."

"Ndiyo maana. Umeuliza sokoni, wamekujibu sokoni." Mkutubi alifungua ukurasa mwingine, mweupe, usio na tangazo hata moja. Alimweleza kwamba hapa ndipo chuo kinapoingilia kwenye hazina ya makala za utafiti wa afya, kwa nywila ambayo kila mwanafunzi alipewa siku ya kujiandikisha. Shangazi alikumbuka kikaratasi hicho. Alikuwa amekitumia kuandikia orodha ya sokoni.

Akapewa nywila mpya. Kisha mkutubi akachora visanduku vinne kwenye karatasi na kumuuliza maswali manne, kwa utulivu, kana kwamba anamwandikisha mgonjwa. Unamzungumzia nani? Mtoto aliyezaliwa leo, mwenye afya. Anafanyiwa nini? Anaogeshwa mapema. Unalinganisha na nini? Na yule anayesubirishwa. Unataka kujua nini kinatokea? Joto la mwili, na kunyonya. Kila jibu likaingia kwenye kisanduku chake, na kila kisanduku wakakitafutia neno lake la Kiingereza, kwa sababu makala nyingi zimeandikwa kwa lugha hiyo.

"Kumbe swali langu lilikuwa na mifupa," Shangazi alisema.

Mara ya kwanza yalikuja majibu maelfu, akataka kuondoka. Mkutubi akamwonyesha jinsi ya kuondoa ya zamani, kisha yale yasiyohusu binadamu, kwani kulikuwa na utafiti mzima juu ya ndama. Yakabaki arobaini na moja. Akasoma vichwa vya habari mpaka jioni, na alipotoka alikuwa na saba, pamoja na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaoshauri mtoto asiogeshwe mpaka saa ishirini na nne zipite. Aliuchapa ukurasa huo, akaukunja, akauweka ndani ya sidiria ili usilowe kwa mvua.

Siku zilizofuata alisoma kwa shida. Kiingereza chake kilikuwa cha chati za wodini: jina, presha, joto, dawa. Sentensi ndefu zilimtoa jasho. Mumewe alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa sebuleni, hivyo Shangazi alitandaza karatasi zake kwenye meza ya kukatia vitambaa, akamsomea kwa sauti huku akitafsiri.

"Hawa watu wameandika kurasa kumi na mbili kuhusu beseni," mumewe alisema.

"Kuhusu joto, baba watoto."

"Mimi nashona suruali mwaka wa ishirini huu. Hakuna aliyewahi kuniuliza ushahidi." Akakata uzi kwa meno. "Haya, soma tena hapo kwenye idadi. Walikuwa wangapi?"

Makala moja ilimkwamisha. Utafiti wake ulifanywa ng'ambo, katika hospitali inayofanana sana na ya kwao: vitanda vichache, wakunga wachache, maji ya moto ya kuchemsha. Lakini kila alipoibofya ilimwonyesha muhtasari tu, kisha kufuli la kulipia. Mkutubi alijaribu milango yote anayoijua, nayo ikakataa.

"Basi mwandikie mwenye makala," alisema. "Barua pepe yake hii hapa chini."

"Nani amwandikie? Mimi?"

"Wao hufurahi. Wengi wanaandika miaka miwili, halafu hakuna mtu anayewauliza kitu."

Shangazi alipiga moyo konde. Aliandika mistari sita, akaifuta, akaandika minne. Alijitambulisha kuwa ni mwanafunzi wa ukunga mwaka wa pili, na kwamba kabla ya hapo alikuwa akichemsha maji ya kuogeshea watoto. Alitaka kuufuta mstari huo wa mwisho, mkutubi akamzuia.

Siku tatu baadaye jibu likaja. Makala nzima ilikuwa imeambatanishwa, na chini yake maneno machache ya mwanamke ambaye naye, kumbe, alikuwa mkunga. Alishukuru. Kisha akauliza: "Kwenu nani huwaogesha watoto, na kwa nini saa hiyo? Sisi tuligundua kwamba kubadili jambo hili si suala la kujua tu. Daima kuna sababu iliyojificha."

Shangazi aliyasoma tena kwenye kioo cha kompyuta. Mtu wa ng'ambo, mwenye makala na namba za simu za ofisi, anamuuliza yeye. Na jibu alikuwa nalo! Watoto hawakuogeshwa kwa sababu ya usafi, wala kwa sababu ya kitabu kile chenye gundi. Waliogeshwa kwa sababu daftari la kukabidhiana zamu lilikuwa na safu iliyoandikwa "Ameogeshwa", na mkunga wa usiku aliyeacha kisanduku kitupu alisomewa mashtaka asubuhi mbele ya wenzake. Shangazi aliyaona mashtaka hayo kwa miaka kumi na tisa akiwa ameshika fagio. Aliandika yote hayo, akatuma, akatoka nje kuvuta pumzi.

Mkufunzi aliposoma kazi mpya hakuchora duara. Aliuliza swali moja tu: "Sasa utaenda kumwambia Sista Mkuu, au utaishia kwangu?"

Sista Mkuu alikuwa msimamizi wa wodi ya wazazi, mwanamke mrefu aliyebakiza miaka mitatu astaafu, ambaye viatu vyake vilisikika kabla hajaonekana. Shangazi alikuwa ameanza mazoezi ya vitendo wodini wiki hiyo. Alimkuta ofisini akijaza ratiba ya zamu.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Mama Ndoo! Sare imekukaa vizuri. Unasemaje?"

Shangazi alikuwa amejiandaa njia nzima, lakini maneno yakamtoka bila mpangilio. Alisema kuhusu joto, akaruka kwenye daftari, akarudi kwenye makala, akachanganya asilimia. Sista Mkuu alimsikiliza bila kuweka kalamu chini.

"Umekuja kunifundisha kuogesha watoto," alisema mwishowe.

"Hapana, Sista. Kutowaogesha."

Ilitoka kabla hajaipima. Muuguzi aliyekuwa akihesabu sindano pembeni akajifanya anakohoa. Sista Mkuu alinyoosha mkono. "Niachie hizo karatasi."

Wiki nzima ikapita kimya. Siku ya nne Shangazi aliingia ofisini kuchukua glavu, akaziona karatasi zake chini ya chupa ya chai, zina duara la kahawia la kikombe. Moyo ukamshuka hadi kwenye soksi. Jioni hiyo alimwambia mumewe kwamba yamekwisha, karatasi zimekuwa kitako cha chupa.

"Angalau hazijatupwa," mumewe akasema, na Shangazi akamgeuzia kisogo.

Siku ya nane Sista Mkuu alimwita katikati ya wodi, mbele ya kila mtu. Mkononi alikuwa na zile karatasi, na Shangazi akaona zimepigwa mistari ya penseli kutoka juu mpaka chini.

"Makala hii ya pili, joto walipima wapi, kwapani au kwingine? Hawakusema. Na ya nne, watoto waliozaliwa kabla ya wakati wamo au hawamo? Maana kama wamo, hesabu yote imeharibika. Na mama mwenye maambukizi, mtoto wake naye asubiri? Nijibu."

Shangazi alifungua mdomo kusema "nadhani". Akaufunga. "Sijui, Sista. Nipe mpaka kesho."

"Nakupa."

Alirudi maktaba karibu akikimbia. Safari hii hakuhitaji kushikwa mkono. Mkutubi alimtazama kutoka mezani kwake na kuendelea kubandika namba vitabuni. Alitafuta kurasa za mbinu, zile ambazo mwanzo aliziruka kwa sababu zilikuwa ngumu. Kwapani, walisema, ukurasa wa tatu kwa herufi ndogo. Watoto wa kabla ya wakati waliondolewa. Na kwa akina mama wenye maambukizi fulani ushauri ulikuwa tofauti, kwa hiyo hao wangeamuliwa mmoja mmoja. Aliyaandika majibu matatu kwenye nusu karatasi, na mbele ya kila jibu akaandika alipolitoa.

Sista Mkuu alisoma nusu karatasi ile akiwa amesimama. "Vizuri," alisema. "Lakini sibadilishi wodi yangu kwa habari za watoto wa watu nisiowaona. Nitamwomba mganga mkuu ruhusa. Wiki mbili tunaendelea kama kawaida, ila kila mtoto apimwe joto na liandikwe. Baada ya hapo wiki mbili tunasubirisha, tunawakausha, tunawaweka kifuani kwa mama, na tunaandika vilevile. Kisha tutaongea."

Ruhusa ikapatikana. Usiku wa kwanza wa wiki za kusubirisha, Sista Mkuu mwenyewe alichukua rula na kalamu nyekundu, akaifuta safu ya "Ameogeshwa" katika daftari la zamu na juu yake akaandika "Joto". Wakunga wa usiku walitazamana. Mmoja wao, aliyewahi kulia kwa sababu ya kisanduku kitupu, aliipiga picha safu hiyo kwa simu.

Haikwenda laini. Asubuhi ya tatu bibi mmoja aliyekuja kumwona mjukuu alifunua blanketi, akaona mabaki meupe ya utando wa kuzaliwa kwenye mikunjo ya shingo, akaja juu.

"Mjukuu wangu wa kwanza mnanipa hivi? Maji yamekatika? Semeni tulete ya kwetu!"

Shangazi alijisogeza kueleza, lakini Sista Mkuu alimpita. Aliushika mkono wa bibi, akauingiza taratibu chini ya blanketi, akauweka mgongoni mwa mtoto, aliyekuwa amelala kifuani kwa mama yake uchi wa mnyama.

"Sikia hapo, mama. Unasikia nini?"

Bibi alipapasa. "Ana joto," alisema. "Kama mkate."

"Kesho saa hizi utamwogesha mwenyewe, na beseni nitakupa. Leo tumwache aote joto."

Bibi alikaa kwenye kiti, mkono hakuutoa.

Wiki nne zilipokwisha, Shangazi na yule mkunga aliyepiga picha walihesabu pamoja, mara mbili, kwa penseli. Kati ya watoto sitini walioogeshwa alfajiri, ishirini na watatu walikuwa wamepoa kupita kiasi. Kati ya hamsini na wanane waliosubirishwa, wanane. Haikuwa sifuri. Shangazi aliiandika nane ile bila kuipamba, na chini yake akaandika kwamba madirisha mawili ya wodi hayafungi vizuri. Mganga mkuu alisoma, na Jumatatu fundi akaja na vioo.

Safu haikurudishwa kuwa ilivyokuwa. Shangazi alimwandikia habari hizo mwanamke wa ng'ambo, akapata jibu siku hiyohiyo, refu, lenye alama nyingi za mshangao.

Alhamisi moja mchana, wanafunzi wakiwa wamejaa maktaba kwa ajili ya mitihani, viatu vilisikika kwenye ujia. Minong'ono ikakatika. Sista Mkuu alisimama mlangoni na sare yake nyeupe, akiangalia kompyuta kama mtu aliyekosea nyumba. Shangazi aliinuka, akamwachia kiti chake, akavuta kingine.

"Nimekuja na swali," Sista Mkuu alisema kwa sauti ya chini, ambayo Shangazi hakuwahi kuisikia wodini. "Usicheke."

"Siwezi, Sista."

"Mwanamke akiwa kwenye uchungu, dada yake au mumewe tunamtoa nje. Mimi mwenyewe nimewatoa wengi, na wengine niliwasukuma. Nilifundishwa hivyo." Alikuwa akizungusha pete kidoleni. "Lakini mimi nilipojifungua kifungua mimba wangu, dada yangu alikaa nje ya mlango ule siku nzima. Nilikuwa nikimsikia akiniita, nami siwezi kumwona. Kila mwaka najiuliza kama angeingia ingekuwaje. Unafikiri kuna watu wamechunguza hilo?"

Shangazi alimsogezea kibodi. "Andika kama ulivyoniambia, Sista. Tutalipunguza baadaye."

Sista Mkuu alianza kwa kidole kimoja. Alikosea, akafuta, akaendelea. Makala zilipoanza kushuka kwenye kioo, nyingi, alivaa miwani na kuinama mbele mpaka pua ikakaribia kugusa. Alisoma ya kwanza mpaka mwisho. Alikuwa katikati ya ya pili simu yake ilipolia mfukoni. Wodi ilikuwa inamtafuta.

"Nakuja," alisema, macho yakiwa bado kwenye mstari. "Nipeni nusu saa. Nipo maktaba."